Programu ni huria, mwongozo wake je?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wetu wa programu huria hapa Dar, yaani zile programu unazoruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza. Wengi mmeniomba kwa sababu hamkuweza kufika, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema, slaidi tu ndio nimeziacha.

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za mchana. Asanteni sana kwa kuja. Jumamosi mtu ana mambo mengi, kuna vikao vya harusi, kuna misiba, kuna mechi, na bado mmeacha yote hayo mkaja kusikiliza habari za leseni, na tena sio leseni za programu maana hizo tumeshaziongea sana humu ndani. Leo nataka tuongee leseni za nyaraka. Miongozo. Yale maelezo yanayomwambia mtu hii programu unaiwekaje, unaitumiaje, ikigoma unafanyaje.

Nianze na swali. Nani humu ndani akipakua programu huria anaangalia kwanza leseni yake? Naona mikono mingi, vizuri. Sasa nani anaangalia leseni ya mwongozo wake? Mikono miwili mitatu. Hao nawapa hongera, sisi tuliobaki ndio maneno ya leo yanatuhusu.

Hoja yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: mwongozo ni sehemu ya programu. Kama programu unaruhusiwa kuibadilisha lakini mwongozo wake huruhusiwi, basi uhuru uliopewa ni nusu. Mtu akiongeza kitu kwenye programu lazima na maelezo yake yabadilike, la sivyo maelezo yanageuka uongo. Ni kama daladala imebadilishiwa ruti, sasa inaenda Mbezi, ila kibao cha mbele bado kimeandikwa Kariakoo na mwenye kibao amesema kisiguswe. Abiria watapanda, ndio, lakini watajikuta wapi?

Haya, twende kwenye mifano.

Chukua kompyuta yenye Debian, ule mfumo wa uendeshaji uliojengwa kwa programu huria, mpya kabisa, ndio umemaliza kuinstoli. Unaweka GCC, ile kompaila ya mradi wa GNU inayogeuza msimbo kuwa programu, ambayo imejenga karibu kila kitu kilichomo ndani ya hiyo mashine. Unafungua dirisha la amri, unaandika man gcc, unategemea maelezo yaje. Unajibiwa hakuna mwongozo wa gcc. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiona hivyo anadhani ameinstoli vibaya, anafuta, anarudia, jibu ni lilelile. Hajakosea kitu huyo mtoto! Mwongozo upo, umeandikwa, na ni mzuri, ila uko kwenye pakeji nyingine ya nyaraka, na hiyo pakeji iko kwenye ghala la pembeni ambalo Debian wanaliita non-free, yaani ghala la vitu visivyo huru, na ili uupate lazima uende mwenyewe kwenye mafaili ya mfumo uliruhusu hilo ghala kwanza. Emacs, ile programu ya kuandikia maandishi na msimbo, hivyohivyo, mwongozo wake umetengwa kwenye pakeji yake huko huko. Make hivyohivyo. Gdb hivyohivyo.

Sasa jiulizeni. GCC ni ya GNU, mwongozo wake ni wa GNU, vyote vinatoka kwa Free Software Foundation, yaani FSF, watu ambao ndio walitufundisha sisi sote haya mambo ya uhuru wa programu. Imekuwaje mwongozo wao umewekwa na Debian kwenye ghala la vitu visivyo huru?

Jibu ni leseni. Miaka ya tisini programu huria zilikuwa zimeshakuwa nyingi ila vitabu vizuri vya kuzieleza vilikuwa vya kufungwa, unanunua dukani, kukopi marufuku, kubadilisha marufuku. Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU na FSF, alililalamikia hilo wazi, na alikuwa na haki. Mwezi Machi 2000 FSF wakatoa leseni maalum ya nyaraka, GFDL. Wazo lilikuwa kuwavuta wachapishaji, kwamba chapisha kitabu, uza, pata hela yako, lakini msomaji naye awe na ruhusa ya kukopi na kubadilisha. Na ili mwandishi na mchapishaji wasiogope, wakaweka vitu viwili. Cha kwanza maneno ya jalada, mwisho matano jalada la mbele na mwisho 25 jalada la nyuma, ambayo ukibadilisha kitabu huruhusiwi kuyatoa. Cha pili, na hiki ndicho kilicholeta vita, sehemu zisizoguswa: kurasa ambazo mwandishi anaweza kusema hizi zisibadilishwe wala zisiondolewe, milele, na yeyote yule. Lazima ziwe kurasa za pembeni, msimamo wa mwandishi, historia, siasa, sio zile zinazofundisha programu yenyewe. Kwenye mwongozo wa Emacs mojawapo ya sehemu zisizoguswa ni Manifesto ya GNU ya mwaka 1985, tamko la Stallman la kwa nini programu ziwe huru. Kwenye mwongozo wa GCC kuna kurasa zinazoeleza kuhusu kuchangia fedha programu huria.

Mimi naamini kabisa nia yao ilikuwa njema. Waliogopa kwamba mtu atachukua mwongozo wa Emacs, atafuta maneno yote ya uhuru, atabaki na maelekezo tu, na vijana wa baadaye watatumia programu bila kujua kwa nini iliandikwa. Hofu ya kweli hiyo, na sisi tunaiona kila siku, watu wanatumia Linux miaka na hawajui hata neno GNU limetoka wapi. Lakini dawa waliyoitoa ililiumiza jambo lenyewe walilotaka kulilinda.

Debian wana kanuni zao tangu 1997, na moja inasema leseni lazima iruhusu kubadilisha kazi na kusambaza kilichobadilishwa. Kukawa na mabishano ya miaka, kwamba je, kitabu ni programu? Kanuni za programu zinahusu na vitabu? Mwaka 2004 wakapiga kura kurekebisha maneno ya mkataba wao ili ieleweke kwamba kila kilichomo ndani ya Debian kinahusika. Halafu tarehe 12 Machi 2006 wakamaliza kura nyingine mahsusi kwa hii GFDL, matokeo yakawa ya kati: nyaraka za GFDL zisizo na sehemu zisizoguswa ni huru na zinakaa ndani, zenye sehemu zisizoguswa sio huru, zitoke. Ndio maana mtoto wetu akiandika man gcc anajibiwa hakuna.

Nawaheshimu sana Debian kwa uamuzi huo. Ulikuwa unawaumiza watumiaji wao wenyewe na bado hawakufumba macho eti kwa sababu kazi imetoka kwa rafiki.

Tuko pamoja mpaka hapo?

Sasa sikilizeni hili maana linatugusa sisi moja kwa moja, watafsiri wetu mlioko humu tegeni masikio. Kipengele cha 8 cha hiyo leseni kinaongelea tafsiri. Kutafsiri unaruhusiwa, inahesabiwa ni kubadilisha. Lakini zile sehemu zisizoguswa ukitaka kuweka Kiswahili mahali pa Kiingereza lazima upate ruhusa maalum ya mwenye hakimiliki. Bila ruhusa unaweza kuweka Kiswahili pembeni, lakini Kiingereza kinabaki palepale. Leseni yenyewe pia, ukiitafsiri, ya Kiingereza lazima ibaki humo humo. Kwa hiyo mwalimu wa Songea akisema nawatafsiria wanafunzi wangu mwongozo wa Emacs, kitabu chake lazima kibebe Manifesto nzima kwa Kiingereza pamoja na leseni nzima kwa Kiingereza. Akichapisha nakala zaidi ya 100 kuna masharti mengine juu: yale maneno ya jalada yawe kwenye majalada, na awape wasomaji nakala ya kompyuta inayoweza kuhaririwa au anwani ya intaneti ya kuipata, ambayo lazima iendelee kufanya kazi angalau mwaka mzima baada ya kugawa nakala ya mwisho. Na kitabu chake kiwe na jina tofauti na la asili, na ahifadhi ukurasa wa historia, na ataje waandishi wakuu. Masharti ya kubadilisha yamepangwa kwa herufi, yanaanza A yanafika O. Huyo ni mwalimu anayetaka kuprinti kurasa arobaini za darasa jamani!

Mwongozo ni sehemu ya programu. GCC yenyewe ukitaka kuibadilisha leseni yake ya GPL, ile ya FSF kwa ajili ya programu, haikudai hata robo ya hayo.

Na hapo ndipo linapokuja jambo la pili, kwamba GPL na GFDL haziingiliani. Huwezi kuchukua aya kutoka kwenye mwongozo wa GFDL ukaibandika kama maelezo ndani ya msimbo wa GPL ukasambaza, na huwezi kuchukua maelezo yaliyoko ndani ya msimbo wa GPL ukayamwaga kwenye mwongozo wa GFDL. Leseni mbili za taasisi moja! Ninyi developa mnajua siku hizi tunavyofanya kazi, unaandika maelezo juu ya kila kitendakazi palepale kwenye msimbo, halafu programu nyingine inayakusanya inatengeneza mwongozo wenyewe. Mwaka 2010 watu wa GCC wenyewe walijikuta wamekwama hapo, walitaka kuzalisha mwongozo kutoka kwenye msimbo wao na leseni zinasema hapana, mpaka mwenye hakimiliki, yaani FSF, atoe ruhusa. FSF anaweza kwa sababu kila kitu ni chake. Wewe uliyechukua ukaboresha kwako huwezi. Mimi nikiangalia naona hilo ni kubwa kuliko hata sehemu zisizoguswa, kwa sababu linamgusa kila anayeandika msimbo, kila siku ya kazi.

Niwaambie na la Wikipedia kwa haraka. Wikipedia ilipoanza 2001 ilichagua hiyohiyo GFDL, kwa sababu Creative Commons, shirika linalotoa leseni za maandishi na picha, ilikuwa bado haina leseni hata moja, zao za kwanza zilitoka Desemba 2002. Kwa hiyo na Wikipedia ya Kiswahili, makala zile ambazo baadhi yenu mliandika, zilikuwa chini ya leseni ya vitabu vya kompyuta. Mtu akitaka kuchapisha picha moja tu ya Wikipedia kwenye kipeperushi, ilibidi aambatanishe leseni nzima, kurasa kibao. Na Wikitravel, mradi wa miongozo ya safari, walichagua Creative Commons, kwa hiyo maandishi ya huku na ya kule hayakuweza kuchanganywa, wote ni watu wa kujitolea, wote wanataka kushirikiana, leseni inawazuia. Walitokaje? Novemba 2008 FSF wakatoa toleo la 1.3 la GFDL lenye mlango maalum wa miradi kama Wikipedia kuhama leseni, ukawa wazi mpaka Agosti 2009 basi. Wikipedia wakapiga kura, zaidi ya watu elfu 17 walishiriki, zaidi ya robo tatu wakasema tuhame, na Juni 2009 wakahamia CC BY-SA, leseni ya Creative Commons inayodai umtaje mwandishi na utakachobadilisha ukitoe kwa leseni ileile.

Lakini mlango ule uliweza kufunguka kwa sababu moja tu. Kila mchangiaji wa Wikipedia alikuwa ametoa kazi yake chini ya GFDL, toleo la wakati huo au lolote la baadaye. Hayo maneno, au lolote la baadaye, ndiyo yaliyookoa mradi mzima. Yasingekuwepo ingebidi watafutwe wachangiaji wote duniani, mmoja mmoja, wenye majina ya bandia, wengine wameshafariki. Kumbukeni hilo mkiandika leseni zenu.

Sasa MySQL. Hapa nitakaa kidogo.

Wangapi hapa mmefundishwa databesi kwa MySQL? Karibu wote, si ndio? MySQL ya jamii, lile toleo lisilouzwa, ni GPL, programu huria kabisa. Mwongozo wake je? Mwongozo wa MySQL sio GPL na haijafichwa, fungua ukurasa wa mwanzo usome. Unaruhusiwa kuprinti nakala kwa matumizi yako binafsi tu. Unaruhusiwa kuubadilisha fomati, mradi maneno yaliyomo usiyaguse. Kuusambaza, ni pamoja na programu yenyewe, kwa namna ambayo Oracle, kampuni inayomiliki MySQL, wenyewe wanausambaza. Kugawa nakala zilizoprintiwa, au kuchukua kipande ukakitia kwenye chapisho lingine, mpaka upate idhini yao ya maandishi. Kwa hiyo mwalimu anayetoa kopi sura moja anawagawia wanafunzi wake amevunja masharti. Anayeitafsiri sura hiyo kwa Kiswahili akaiweka mtandaoni amevunja masharti. Programu ni huria, mnaona? Seva nzima unaweza kuipasua ukaiunda upya, lakini maelezo yake huruhusiwi kuyaweka kwa Kiswahili.

Mwaka 2009 Monty Widenius, mmoja wa walioianzisha MySQL, akatoka na msimbo akaanzisha MariaDB. Msimbo ulikuja wote kwa sababu ni GPL. Mwongozo haukuja. Ikabidi waanze kujenga maelezo yao. Lakini angalieni kitu kimoja kizuri sana hapa. Ndani ya seva ya MySQL kuna ule msaada unaokuja ukiandika amri ya HELP, na maneno ya msaada huo yanatoka kwenye faili linaitwa fill_help_tables.sql, na hilo faili liko ndani ya msimbo, lina leseni ya msimbo, GPL. MariaDB wakalichukua. Mpaka leo nenda kwenye kurasa za maelezo ya MariaDB, shuka chini kabisa, kurasa nyingi utakuta zimeandikwa kwamba hii ni GPLv2, asili yake ni fill_help_tables.sql. Maneno yaliyokaa ndani ya msimbo yakapona, yaliyotengwa kwenye mwongozo yakabaki nyuma ya ukuta.

Halafu ikaja 2013. Kwenye toleo la 5.5.31 la MySQL zile kurasa za man, ambazo zilikuwa GPL miaka yote, zikatoka zimebadilishwa maneno ya juu, leseni imekuwa ile ya kufungwa. Hakuna tangazo, hakuna barua. Watu wa MariaDB walipolinganisha toleo hilo na 5.5.30 ndipo wakaliona, wakalisema hadharani mwezi Juni. Oracle wakajibu kwamba ni hitilafu ya mfumo wao wa kujenga programu, umeokota maneno ya leseni yasiyo sahihi, wakarudisha GPL. Mimi nawaamini, hitilafu za namna hiyo zipo. Lakini fikirieni, mstari wa leseni juu ya faili ulibadilishwa na mashine, na kazi nzima ikahama kutoka huru kwenda kufungwa bila binadamu kuamua. Na iligundulika kwa sababu kulikuwa na mtu anasoma mistari ya juu ya mafaili, ile mistari ambayo sisi wote tunairuka.

Haya, tumewasema wakubwa wa dunia. Na sisi?

Nyote mnazijua zile PDF zetu. Jinsi ya kuinstoli Ubuntu kwa Kiswahili. Jifunze LibreOffice kwa Kiswahili. Mtu alikaa usiku akaandika, akapiga picha za skrini, akazipanga, akaweka jina lake, akatuma kwenye magrupu ya WhatsApp, ikasambaa mpaka Bukoba mpaka Mombasa. Kazi ya upendo kabisa. Leseni? Hakuna. Na watu wengi wanaamini kwamba usipoandika leseni basi ni ya wote, chukua fanya utakacho. Sio kweli. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, sheria ya Kenya ya 2001, zote zinamlinda mwandishi tangu anapoandika, hahitaji kusajili popote. Usipoandika leseni maana yake haki zote umezishika wewe. Baada ya miaka mitano programu imebadilika, menyu zimehama, picha za skrini sio zenyewe, kuna kijana anataka kuiapdeti ile PDF, barua pepe iliyoandikwa pale haifanyi kazi, namba ya simu imeshapewa mtu mwingine. Afanye nini? Kisheria aanze upya kutoka sifuri. Na kweli anaanza upya, naye haweki leseni, na mzunguko unaendelea hivyohivyo, ndio maana tuna utangulizi mwingi wa Ubuntu kwa Kiswahili na hatuna mwongozo hata mmoja uliokua ukawa kitabu.

Wapo wanaoweka leseni, na hao nawashukuru, ila wanachagua zile za Creative Commons zenye ND au NC. ND ni usibadilishe. Na tafsiri ni kubadilisha! Ukiweka ND kwenye mwongozo wako umemzuia Mnyarwanda asiuweke kwa Kinyarwanda, umemzuia na mwenzako wa Lubumbashi asiugeuze kwa Kiswahili cha kwao, na hata anayetaka kurekebisha amri iliyopitwa na wakati akausambaza naye umemzuia. Sisi tunaoishi kwa kutafsiri kazi za wengine, kweli tuwe wa kwanza kuzuia tafsiri?

NC ni usifanye biashara. Najua kwa nini mnaiweka, hamtaki mjanja mmoja achukue jasho lenu auze. Naelewa kabisa uchungu huo. Lakini biashara ni nini? Kituo cha mafunzo kinachotoza ada kidogo ili kilipe pango na umeme, ni biashara? Yule dada wa steshenari nje ya geti la chuo anayetoza hela ya kila ukurasa anaoprinti, ni biashara? Msidhani natunga, Marekani hilo lilifika mahakamani. Shirika moja linaloitwa Great Minds lilitoa vitabu vya masomo vya shule chini ya leseni yenye NC, shule zikavipeleka kwa FedEx kutoa kopi, Great Minds wakamshtaki FedEx 2016 kwamba anapata faida. Walishindwa, wakakata rufaa, 2018 wakashindwa tena, mahakama ikasema FedEx anafanya kazi ya shule tu. Sawa, FedEx ana mawakili. Dada wa steshenari ana wakili? Kituo cha mafunzo kule Tandahimba kitasoma NC, kitaogopa, kitaacha kutumia mwongozo wako, na yule mjanja uliyekuwa unamuogopa hasomi leseni kabisa, atauza tu. Na Debian na wenzao wakiona NC hawauweki kwenye ghala lao kuu, kwa hiyo mwongozo wako wa Kiswahili hautakaa kamwe ndani ya mfumo ambao unauelezea.

Mwongozo ni sehemu ya programu. Upewe nafasi ya kusafiri nayo.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu leseni iliwaruhusu, hawakuhitaji kwenda kumpigia mtu magoti. Na leo miongozo ya LibreOffice, iliyozaliwa kutoka OpenOffice, iko wazi vilevile, unachagua mwenyewe, GPL toleo la 3 na kuendelea, au CC BY, ile inayodai umtaje mwandishi tu. Hakuna sehemu isiyoguswa, hakuna NC. Aliyeko humu ndani mwenye wiki mbili za likizo anaweza kuanza sura ya kwanza leo jioni bila kumuuliza yeyote.

Mtaniuliza basi tuchague ipi. Mimi nikiandika mwongozo wa programu fulani, chaguo langu la kwanza ni leseni ileile ya programu yenyewe, ili maneno na msimbo viweze kuhamia popote, huku na kule. Kama mwongozo unasimama peke yake, kitabu cha kufundishia, CC BY-SA 4.0, na tangu Oktoba 2015 hiyo inaruhusiwa kuingizwa kwenye kazi ya GPL toleo la 3, ila kurudi nyuma hairuhusiwi, njia ni moja. Halafu mifano ya msimbo iliyomo ndani ya mwongozo itenganisheni. Mtu atakopi mistari sita ya mfano wako ataweka kwenye mradi wake wa kazini, usimbebeshe masharti ya kitabu. Mozilla kwenye maelezo yao ya wavuti walilimaliza mapema, mifano yote iliyoongezwa kuanzia tarehe 20 Agosti 2010 ni CC0, chukua nenda, wakati maandishi yenyewe yana CC BY-SA. Fanyeni hivyo, ni sentensi moja tu kwenye ukurasa wa mwanzo.

Na leseni iandikwe ndani ya faili lenyewe, juu, na namba ya toleo, na maneno au lolote la baadaye. Msiiweke kwenye tovuti peke yake maana tovuti zinakufa, domeini hailipiwi, PDF inabaki inazunguka yatima. Picha za skrini nazo mziangalie, na picha ulizookota Google ndio kabisa, moja tu isiyo yako inaweza kukwamisha kitabu kizima.

Kuna ndugu aliniuliza wakati wa chai, kwamba sisi tumeshaandika, mwongozo una wachangiaji kadhaa, leseni hatukuweka, tufanyeje? Waandikie sasa hivi. Leo. Wakati namba zao bado unazo na bado mnasalimiana. Ujumbe mfupi tu, kwamba tunataka kazi yetu iwe CC BY-SA 4.0 au toleo lolote la baadaye, unakubali? Majibu yao uyatunze pamoja na mafaili ya mwongozo, usiyaache kwenye simu. Atakayekataa muheshimu, kipande chake kitolewe kiandikwe upya na mwingine bila kuangalia cha zamani. Asiyejibu kabisa msimhesabu amekubali, kukaa kimya sio ruhusa, fanya vilevile. Mkiwa sita ni kazi ya wiki moja. Mkisubiri mfike sitini mtajikuta kwenye hali ya Wikipedia, na hakuna atakayekuja kuwafungulia mlango maalum.

Meza za nyuma kule tumeweka kompyuta na intaneti ipo mpaka saa kumi na moja. Mlioleta miongozo yenu njooni nayo, tutaanza na ile isiyo na leseni kabisa, halafu yenye ND, NC tutaifanya mwisho maana najua hapo tutabishana. Asanteni sana.